BARUA ILIYOKATALIWA: NI DHULMA AU NI UPUNGUFU WETU?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Katika darasa yetu limezuka suali ambalo twaona yafaa kuwafikishia wasomaji. Vijana wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu waliohitimu katika sheria huenda Nairobi, katika Chuo cha Sheria cha Kenya kilichoko Karen. Huko ni sharti pia wafanye uanagenzi wa miezi 6 chini ya wakili, na asiyeutimiza haapishwi kuwa wakili. Kwa kuwa nafasi za Nairobi hugombaniwa sana, baadhi yao huzielekea afisi za Kitengela na Kajiado, miji iliyo katika barabara ya Namanga. Huandika barua za maombi, na barua hukataliwa. Hapo wazee wao hutujia na neno moja: "Tumedhulumiwa kwa majina yetu."

Hatusemi kwamba dhulma hiyo haipo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 27, imekataza mtu kubaguliwa kwa dini yake au kabila lake, na katazo haliwekwi ila kwa jambo linalotendeka. Lakini mwenye kudai hutakiwa bayina. Basi tulimwomba kijana mmoja atuonyeshe barua yake.

Tuliisoma. Ilikuwa barua moja iliyopelekwa afisi nyingi, na katika nakala moja jina la afisi nyingine lilikuwa halikufutwa. Yasema kuwa mwenyewe ni mwenye bidii, mwaminifu na mwepesi wa kufahamu. Wala haikutaja jambo hata moja alilolitenda likawa shahidi wa maneno hayo. Yasema pia kuwa apenda mno sheria za mabenki na makampuni makubwa. Na afisi aliyoiandikia iko Kajiado! Huko mashamba ya jamii ya Wamasai, yaliyoandikishwa kwa sheria ya 1968, yaligawanywa baadaye vipande vipande na mengi yakauzwa, hata Kitengela ikawa mji wa ploti, na mizozo ya mipaka, hati na urithi haikwisha. Kijana wa Pwani, aliyekulia katikati ya mizozo iliyotokana na sheria ya hati za ardhi ya 1908, alikuwa na la kusema hapo kuliko wengi. Hakulisema, kwa kuwa hakuuliza afisi ile yafanya kazi gani.

Katika Sura ya Al-Qasas, binti wa yule mzee wa Madyan alipomshauri babake amwajiri Nabii Musa (A.S.), alitaja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Wala hakuzitaja kwa kusikia, kwani Musa alikuwa amekwisha kuwanyweshea wanyama wao. Nguvu ya mwanagenzi ni elimu yake na kazi aliyokwisha kuifanya. Na uaminifu wake huanzia katika barua. Anayejisifu kwa asichokuwa nacho amejitolea ushahidi wa uongo kabla hata ya kuingia mahakamani.

Lakini suali zito ni lingine. Babake kijana yule alituomba tumtafutie mtu wa kumsemea kwa wakili fulani, ili amchukue pasi na barua. Tukamwuliza: "Na yule atakayepokonywa nafasi hiyo, je?" Akanyamaza. Hapa ndipo penye ugonjwa wetu. Mlango ukifungwa kwa udugu wa wengine, twaita dhulma. Ukifunguliwa kwa udugu wetu, twaita riziki. Jambo moja haliwi haramu kwa jirani likawa halali kwetu.

Hatusemi kuwa kumsemea mtu ni vibaya. Qurani imetufunza kuwa iko shafaa njema na iko shafaa mbaya, na kila mwenye kumwombea mwenziwe ana fungu katika hicho anachokiombea. Mpaka, kwa maoni yetu, ni huu: asemaye, "Namjua, nimemwona akifanya kadha wa kadha, mpimeni pamoja na wenzake," huyo ametoa ushahidi. Asemaye, "Ni mtoto wetu, mchukueni," huyo ameomba amana igawanywe kwa nasaba.

Nao mawakili Waislamu wenye afisi wana sehemu yao. Afisi ya wakili mmoja au wawili haiwezi kupokea kila aombaye, na kukataa kwa haki si dhambi. Lakini kumwacha kijana akingoja bila ya jawabu, au kukaribisha maombi hali nafasi imekwisha kuahidiwa mpwa, hiyo ni khiyana.

Kijana yule ameandika barua nyingine. Ni fupi kuliko ya kwanza, na kila neno lililomo aweza kulisimamia. Jawabu halijaja. Akikataliwa kwa upungufu, atajifunza. Akikataliwa kwa jina lake, tutasimama naye kudai haki, na dai letu litasikika, kwa kuwa hatukutaka kwa mlango wa nyuma tulichonyimwa kwa mlango wa mbele.

Wabillahi taufiq.