Anza na Pasipoti

Mchezo unafundisha Kiarabu cha kuongea haraka kuliko daftari, hilo sibishani. Wanawake wanaojiandaa kwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani wanagawana nafasi darasani: huyu madam, yule mfanyakazi. "Jibi moya!" Maji yanaletwa kwa kikombe kitupu, darasa linacheka, ulimi unafunguka. Ukikosea hakuna wa kukufokea.

Lakini nani anachagua sentensi za mchezo? Ukimzoesha mtu kujibu "hadir", yaani sawa, mara moja, neno litakuja kumtoka lenyewe hata pale asipotaka kukubali. Si ndiyo kazi ya mchezo? Basi mbona asicheze pia "abgha jawazi", nataka pasipoti yangu? Waajiri wengine huzificha, na sheria ya Saudia yenyewe inakataza. Acheze "ana taabana". Hata si neno geni, ni ile taabani yetu.

Utaambiwa maneno hayo yatamkosanisha na mwajiri. Pengine. Ila kumnyima mtu neno ili awe salama (salama kwa nani, jamani?) ni kumwamulia kabla hajapanda ndege. Aende nalo, akiona heri anyamaze, anyamaze kwa kupenda. Mimi ningeanza na la pasipoti, siku ya kwanza, kabla ya maji.