Mrina Asali Hakuulizwa

Mwaka 1922 ugonjwa wa malale uligunduliwa Maswa, na kabla ya muongo huo kwisha ulikuwa umeonekana Ufipa, Uha na katika misitu ya miyombo ya Unyamwezi. Haya yalikuwa malale ya aina kali. Yale ya Kongo humdhoofisha mgonjwa kwa miaka. Haya ya kwetu huua ndani ya miezi. Mbung'o, ambaye wengi tunamwita ndorobo, humuuma mtu mchana akiwa katika shughuli zake. Baada ya wiki moja hadi tatu huja homa, kichwa kuuma na tezi kuvimba. Vijidudu vikishaingia ubongoni mgonjwa hulala mchana na kukesha usiku, akabadilika tabia mpaka ndugu zake wakadhani amerogwa. Asipopata dawa, hana maisha.

Serikali ya Waingereza ilikuwa na afisa wake wa malale, Dakta George Maclean, mtu mwenye bidii na akili. Mpango wake ulieleweka. Mbung'o wa miyombo anahitaji kivuli cha miti na damu ya wanyama pori. Watu wanaoishi mmoja huku na mwingine kule, kila kaya na shamba lake katikati ya pori, hawana nguvu ya kulisukuma pori hilo. Basi wakusanywe. Zikiwa familia elfu moja hivi mahali pamoja, zitafyeka, zitalima, wanyama watahama na mbung'o atakosa pa kukaa. Amri zikatoka, na watu wakahamishwa kutoka vijiji vyao vidogo hadi kwenye makazi makubwa. Mkoa wetu wa Tabora ulikuwa miongoni mwa sehemu zilizohamishwa zaidi.

Tuwe wakweli: ndani ya makazi yale mpango ulifanya kazi. Mahali palipolimwa vizuri mbung'o alitoweka, na daktari aliweza kuwaona wagonjwa mapema kwa kuwa walikuwa karibu naye. Anayesema Waingereza hawakufanya lolote la maana dhidi ya malale hasemi kweli.

Lakini mtu wa Unyamwezi hakuambukizwa kitandani mwake. Aliambukizwa porini, na porini hakwenda kutembea.

Mzee wa miaka ile alikuwa na mizinga ya magome ya miti, mingine aliyoichonga mwenyewe na mingine aliyorithi kwa baba yake, imetundikwa juu ya miti mirefu, mwendo wa siku moja, mbili, hata tatu kutoka nyumbani. Msimu wa asali ukifika, wanaume walitoka kwa makundi na unga wao, wakajenga kambi porini, wakapanda miti usiku na mienge ya moshi. Waliwinda njiani. Wengine walishuka hadi mto Ugalla kuvua na kukausha samaki. Asali ililiwa na kupikwa pombe, nta iliuzwa. Nta ya Tabora ilikwenda ng'ambo, na fedha yake ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba na ya kichwa ambayo serikali ileile iliidai kila mwaka. Asiyelipa alikamatwa.

Sasa tazama kilichotokea alipohamishwa. Mpango ulihamisha nyumba yake, mke wake, watoto wake na vihenge vyake. Mizinga ilibaki kule kule. Kodi nayo ilibaki pale pale. Kwa hiyo kila msimu alirudi kwenye mizinga yake, na safari hii njia ilikuwa ndefu kuliko zamani, imepita katika pori lililozidi kuwa nene kwa sababu hakuna tena aliyelima huko. Wale waliokuwa katika hatari kubwa kabla ya mpango ndio waliobaki katika hatari kubwa baada yake. Mpango ulijua mbung'o anaishi wapi, anakula nini na anazaa vipi. Haukujua mrina asali anaishi kwa nini.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba jibu halikuwa limefichika. Mwaka 1929 Maclean mwenyewe alichapisha makala iliyohusu uhusiano wa maendeleo ya uchumi na malale katika Tanganyika. Aliona kuwa ugonjwa huu unafuata hali ya watu. Historia ya pori letu ingeweza kumwonyesha zaidi, kwa sababu pori lile halikuwapo siku zote kwa ukubwa ule.

Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Miembe ya njia ile ingali imesimama, na tembe la Kwihara alimokaa Livingstone mwaka 1872 akingoja wapagazi hutembelewa na wageni hadi leo. Wapagazi hao walikuwa vijana wa Kinyamwezi kwa maelfu. Walibeba pembe za ndovu kwenda pwani na vitambaa kurudi bara, na pamoja na mizigo walirudi na ndui. Aliyeugua njiani aliachwa njiani. Kisha sotoka ikafagia ng'ombe miaka ya mwanzo ya 1890. Wajerumani wakaleta kodi ya nyumba mwaka 1898. Reli ikafika Tabora mwaka 1912, na vijana waliokuwa wakibeba mizigo wakaanza kupanda treni kwenda kukata mkonge kama manamba. Vita vikaja, jeshi la Wabelgiji liliingia Tabora Septemba 1916, na pande zote zilichukua wanaume kuwa wapagazi wa vita, wengi wasirudi. Kila kundi lililoondoka liliacha mashamba. Shamba lililoachwa huwa kichaka, kichaka huwa pori, na pori huleta swala, pongo na nguruwe, na nyuma yao mbung'o.

Basi malale ya 1922 yalitengenezwa kwa miaka mingi na biashara, kodi, vita na kazi za mbali. Mpango uliyashughulikia kana kwamba yalianza siku mdudu alipoonekana kwenye hadubini.

Jirani zetu wa Shinyanga walichukua njia nyingine, nayo ina funzo lake. Huko C. F. M. Swynnerton, mtaalamu wa mbung'o aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1938, alishirikiana na watemi, akiwamo Mtemi Makwaia, na wanaume kwa maelfu wakafyeka pori kwa mikono. Mbung'o alirudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka, watu wakaongezeka. Kufyeka kukaendelea kwa miongo, mpaka nchi ikabaki wazi, bila kuni, bila malisho ya kiangazi. Mwaka 1986 serikali ililazimika kuanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kurudisha miti na ngitili, yaani malisho yanayotengwa kwa ajili ya kiangazi. Wafugaji waliokosa malisho hawakukaa kungoja miti iote. Waliswaga ng'ombe wao kusini na magharibi, wakaingia katika misitu ya Tabora na Katavi ambamo mbung'o bado yumo. Na ng'ombe, kama pongo, hubeba vijidudu vya malale ya aina yetu bila kuonyesha dalili kubwa. Dawa ya wilaya moja ikawa hatari ya mkoa mwingine, miaka sitini baadaye.

Kisha tukawa huru, na tukarudia. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, na kazi hiyo iwe imekamilika ifikapo mwisho wa 1976. Nia ilikuwa njema, nasema hivyo kwa moyo mmoja: zahanati, shule na maji huwafikia watu walio pamoja kuliko waliotawanyika, na watoto wengi wa kizazi kile walichanjwa na kusoma kwa sababu ya vijiji vile. Lakini waliopanga walichora mistari ya nyumba kando ya barabara, na ni wachache waliouliza shamba la huyu liko wapi, kisima chake kiko wapi, mizinga yake iko wapi. Maelfu walitembea tena kwenda walikotolewa. Kizazi kilichohamishwa kwa ajili ya malale kilikuwa bado hai kiliposhuhudia hayo, nacho hakikuitwa kutoa ushauri.

Nayaandika haya nikiifikiria Ntalikwa. Ni kata ya wakulima katika Manispaa ya Tabora, mjini kwa jina la kiutawala, shambani kwa maisha. Mganga Mkuu wa Manispaa huiweka katika Mpango Kabambe wa Afya pamoja na kata za katikati ya mji, na takwimu za manispaa hukusanywa pamoja. Wastani wa namna hiyo humficha mtu wa pembeni. Anayeishi Gongoni, katikati ya mji, anafika Hospitali ya Kitete kwa miguu. Wa Ntalikwa anahesabu nauli kwanza.

Mfikirie kijana wa siku hizi, si mzee wa 1930. Hana mizinga mingi, ila anakata kuni za mabani ya kukaushia tumbaku kwa malipo, au anachunga ng'ombe wa mtu, au anachoma mkaa, au anafuata asali mwezi mmoja na samaki mwezi mwingine. Eneo la mto Ugalla limekuwa Hifadhi ya Taifa tangu 2019. Palipokuwa na vibali vya msimu vya kuvua na kurina sasa pana sheria kali zaidi. Anapata homa. Anakwenda zahanati, anachomwa kidole kwa kipimo cha haraka cha malaria. Kipimo hicho ni neema kubwa, kimeokoa watoto wengi. Lakini zamani damu ilipowekwa chini ya hadubini kutafuta malaria, mtaalamu aliweza kukutana na vijidudu vya malale bila kuvitafuta. Kipimo cha haraka huona malaria peke yake. Kijana anaambiwa hana malaria, anapewa dawa ya maumivu, anarudi nyumbani. Mhudumu hamwulizi kama ametoka porini. Na hata angemwuliza, je, angejibu? Aliyeingia hifadhini bila kibali hawezi kukiri mbele ya mtu aliyevaa sare ya serikali, hata kama sare hiyo ni nyeupe.

Hapo ndipo umaskini, sheria ya ardhi na woga vinapogeuka kuwa dalili za ugonjwa, ingawa hakuna fomu ya zahanati yenye nafasi ya kuziandika.

Sisemi malale yamejaa Tabora. Wagonjwa wamepungua sana Afrika nzima, na Shirika la Afya Duniani limeweka mwaka 2030 kuwa lengo la kuyaondoa haya ya aina yetu yasiwe tena tatizo la afya ya jamii. Dawa nayo imekuwa bora. Kwa miongo mingi mgonjwa wa hatua ya ubongo alichomwa melarsoprol, yenye sumu ya aseniki, ambayo yenyewe iliua karibu wagonjwa 5 katika kila 100. Tangu 2024 shirika hilo linapendekeza vidonge vya feksinidazoli kwa malale ya aina yetu. Lakini vidonge havimtibu mtu ambaye hakugunduliwa, na ugonjwa unapopungua ndipo wahudumu wanapousahau.

Kosa hilihili la kupanga bila kuangalia maisha ya mtu tunalifanya kwingine pia. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta kuwa mkoani Tabora wasichana 43 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, wakati wastani wa nchi ulikuwa 27. Tukajibu kwa semina na vipeperushi. Msichana hakupungukiwa na vipeperushi. Shule ya sekondari ilikuwa mbali, tumbaku ilihitaji mikono, mahari ilihitajika nyumbani, na Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu mzazi kumwoza akiwa na miaka 15. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kuwa vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Anayepanga afya ya msichana wa Tabora bila kugusa mambo hayo anahamisha nyumba na kuacha mizinga.

Kila mwaka kata zetu hukaa kupanga kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo. Watu hukutana, vipaumbele huandikwa, bajeti hupelekwa manispaa. Utaratibu huu ni mzuri na ni wetu. Ninachoomba ni kwamba tuangalie nani yumo kikaoni. Wenye nafasi ya kukaa mchana kutwa ni wale ambao hawako porini. Mkutano ukiitishwa katikati ya msimu wa asali au wa kukausha tumbaku, kundi lililo hatarini zaidi halitasikika, na mpango utaandikwa juu yao bila wao, kama ule wa kwanza.

Mganga mfawidhi wa zahanati, mwulize kila mwenye homa isiyo malaria kama ameingia porini katika wiki zilizopita, na umwambie mapema kuwa jibu lake halitatoka chumbani humo. Diwani, idai hadubini na mtaalamu wa maabara kabla hujadai rangi mpya ya jengo. Wasimamizi wa misitu na hifadhi, zungumzeni na watu wa afya, maana orodha ya vibali mliyonayo ni orodha ya watu wanaopaswa kupimwa. Na wewe mtendaji wa kata, usifungue kikao cha mipango kabla warina asali hawajarudi kutoka porini.