Ukarimu wa Kulipwa, Je, ni Ukarimu?



Sisi tunaosimamia hoteli, tena tunaolala palepale kazini pamoja na bibi na watoto, watu hutuuliza mara nyingi: «Ninyi mnapokea wageni kila siku, lakini mnawapokea juu ya makuta. Mtasema namna gani kwamba mnawapenda?» Ulizo hilo ni la haki, na yafaa tulijibu, kwa maana halituhusu sisi peke yetu. Linamhusu muuguzi, mwalimu, mwendesha teksi, na kila mtu anayemtendea mwenzake jambo jema akalipwa.

Kwanza tueleze maisha hayo. Msimamizi anayekaa hotelini hana saa ya kurudi nyumbani, kwa kuwa yuko nyumbani tayari. Chumba chake kiko nyuma ya mapokezi. Umeme wa SNEL ukikatika usiku wa manane, yeye ndiye anayeamka kuwasha jenereta na kupima mazutu iliyobaki. Maji ya REGIDESO yasipotoka, ndoo zinatangulia kwa wageni, za kwake zinakuja nyuma. Mtu akifika na gari la usiku, lazima akute uso ulioamka na ufunguo tayari; na kama ametoka inchi nyingine, fishi yake iandikwe vizuri, maana watu wa uhamiaji watakuja kuiangalia. Watoto wanafundishwa kucheza bila kelele, kwa sababu nyuma ya ukuta kuna mtu aliyelipa ili alale. Nyumba ni kubwa, vitanda ni vingi, na hakuna hata kimoja tunachoweza kusema ni chetu.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hotelini siku ya tatu hatumpi jembe, tunampa hesabu yake. Je, tumeharibu desturi? Hatuoni hivyo. Mgeni wa zamani alilipa kwa kulima, wa leo analipa kwa makuta, na hakuna aibu kwa huyu wala kwa yule. Hata katika Injili ya Luka, sura ya 10, yule Msamaria alimlipa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, yaani mshahara wa kibarua wa siku mbili hivi. Hatusomi kwamba alilaumiwa kwa kuzipokea. Lakini tuangalie vizuri: dinari mbili hazikuwa mwisho wa kazi. Aliombwa amtunze mgonjwa hata kupita fedha hizo, na kungojea malipo ya mtu aliyekwisha kwenda zake. Pale ndipo yeye naye alipopimwa.

Basi jibu letu ni hili: bei inalipa vitu fulani, na pale bei inapokoma ndipo moyo wa mtu unapoonekana. Mgeni analipa kitanda, shuka safi, taa, sabuni na chakula. Halipi kufichiwa siri yake. Halipi kurudishiwa saa aliyoisahau chini ya mto, wakati hakuna aliyeiona ila yule aliyetandika kitanda. Halipi kuketiwa usiku kucha akishikwa na homa mbali na watu wake. Tena yuko mgeni anayeweka makuta mengi mezani na kuomba aletewe binti mdogo. Hapo pia bei imekoma, na jibu ni hapana, hata kama tajiri wa hoteli atakasirika, hata kama kesho tutahamisha vyombo vyetu. Anayekaa katika nyumba ya kazi anapoteza mara moja kazi na paa la watoto wake. Kwa hiyo «hapana» yake ina bei kubwa kuliko ya wengine.

Wengine watasema: basi mwenye huruma awape maskini vyumba bure. Hapa tuwe waangalifu. Vyumba ni vya tajiri, na kutoa sadaka kwa mkono wa mtu mwingine si sadaka. Msafiri aliyeibiwa fedha njiani, tumgawie ugali wa sufuria yetu, tumpe mkeka katika chumba chetu wenyewe, tumwombee nafasi kwa tajiri kwa uwazi. Tusiandike uongo katika buku ili tuonekane wema.

Lakini kuna siku sheria hii inashindwa: siku uhai wa watu unapowindwa. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu zaidi ya elfu moja walikimbilia Hôtel des Mille Collines mjini Kigali, yenye vyumba mia moja na vichache tu. Ilikuwa mali ya Sabena, kampuni ya ndege ya Ubelgiji. Maji yalipokatwa, watu walikunywa ya bwawa la kuogelea. Msimamizi wa siku zile alisifiwa duniani, hata filamu ikatengenezwa mwaka 2004. Lakini baadhi ya waliookoka humo wanasema kwamba aliwadai malipo. Hatuingii katika ugomvi huo. Tunaona jambo moja tu: miaka mingi imepita, na watu bado wanauliza kama alipokea fedha. Siku za kawaida hakuna anayeuliza hivyo, kwa maana ni haki yake. Kumbe kila mtu anajua moyoni kwamba kuna siku ambapo chumba si biashara tena, na mwenye ufunguo hana tena ruhusa ya kutaja bei.

Siku kama hiyo haipigi hodi. Anayezoea kuhesabu kila tabasamu, itamkuta na daftari mkononi. Anayezoea kuongeza kidogo juu ya kile kilicholipwa, kikombe cha maji kwa mlinzi wa usiku, neno la upole kwa mgeni asiyelala, itamkuta na ufunguo tayari.

Ndugu, si lazima ukae hotelini. Angalia kazi yako: bei yake inakoma wapi? Na baada ya pale, wewe ni mtu wa namna gani?