Sanduku Lililoachwa Bila Neno

Masista wa Notre Dame wa Baltimore, Marekani, si watu wa minada. Lakini mwaka 2010 walijikuta wanauza kadi ya besiboli. Kaka wa sista mwenzao aliyekwisha kutangulia mbele ya haki alifariki naye, na mali yake akaliachia shirika. Katika vitu vyake kulikuwa na kadi kuukuu, kingo zake tatu zimekatwa, yenye picha ya Honus Wagner, mchezaji nyota wa mwanzoni mwa karne ya 20. Marehemu alikuwa nayo tangu 1936. Aliiambatanisha na kikaratasi kilichopigwa taipu, akieleza kwamba imeharibika, ndiyo, ila thamani yake itazidi kupanda katika karne ya 21.

Mnadani ikafika dola 262,000. Aliyeshinda awali hakulipa, ikachukuliwa na daktari wa moyo wa Philadelphia, na masista wakapata dola 220,000 za kuendeshea huduma zao kwa maskini katika nchi 35.

Habari hiyo ilipotangazwa, watu walishangazwa na fedha. Cha kushangaza zaidi ni kile kikaratasi. Bila maneno yale machache, ni nani katika nyumba ya watawa angejua kwamba kipande kile cha karatasi kilichochakaa hakistahili kwenda jalalani?

Kadi hizi hazikutengenezwa ziwe mali. Mwishoni mwa karne ya 19 kampuni za Marekani zilizitia kwenye pakiti za sigara, kuikaza pakiti isipondeke na kumvuta mteja arudi kununua nyingine. Baadaye zikahamia kwenye peremende, kisha kwenye bablishi. Watoto walizibadilishana, wakazifunga kwa rababendi, wakazichomeka kwenye spoku za baiskeli ili zilie kama pikipiki. Walipokua na kuhama nyumbani, mama zao wakafanya usafi. Usafi ule, ukweli usemwe, ndio uliozipandisha bei zilizosalia. Kadi za Wagner za toleo la 1909 hadi 1911, ambazo zilitolewa chache tangu mwanzo, zinazojulikana leo ni kama 60 tu, na mwaka 2022 moja iliuzwa kwa dola milioni 7.25.

Hata wenye kampuni hawakujua thamani hiyo ingekuja. Kampuni ya Topps ilibakiwa na maboksi ya kadi za 1952 zilizokosa wanunuzi, na mwaka 1960 mfanyakazi wake Sy Berger, aliyeshiriki kuzibuni, akaenda kuzimwaga katika Bahari ya Atlantiki. Kadi ya mchezaji Mickey Mantle ya toleo hilohilo iliuzwa Agosti 2022 kwa dola milioni 12.6.

Wakati mwingine wanaoachwa hawana hata mstari mmoja wa kuwaongoza. Mjini Defiance, Ohio, Februari 2012, wajukuu walikuwa wanasafisha dari la nyumba ya babu yao, aliyewahi kuwa na bucha. Shangazi yao aliyeishi humo alikuwa amefariki miezi michache nyuma, akiwaachia watoto 20 wa ndugu zake vilivyomo. Wakakuta boksi lenye kadi zipatazo 700 za mwaka 1910 hivi, zimefungwa kwa kamba, hazijaguswa. Wakaliweka kando wakaendelea na kazi. Huenda mzee alipewa kadi hizo kama matangazo ya peremende, zilizobaki akazipandisha juu na kuzisahau. Agosti mwaka huohuo kadi 37 kati ya hizo ziliuzwa kwa zaidi ya dola 566,000.

Kilichopendeza Defiance ni mgawanyo: binamu wote 20 walihesabiwa sawa, aliyelishika boksi na asiyekuwepo. Familia ngapi zimefarakana kwa kiwanja cha bei ndogo kuliko hiyo!

Simulizi za namna hii, hata hivyo, zimewaponza wengi. Kuanzia miaka ya 1980 kampuni zilipoongezeka na kuchapa bila kiasi, akina baba walinunua kadi kwa maboksi wakidhani wanawawekea watoto ada ya chuo. Kila mtu aliweka, hakuna aliyetupa, kwa hiyo hakuna kilichoadimika. Leo watoto hao, watu wazima sasa, wanazibeba hadi kwa mfanyabiashara wa kadi na kuambiwa kwamba boksi zima halifikii gharama ya kulituma kwa posta. Hapo mtu hahuzuniki kwa fedha tu. Anaona kama aliyepangiwa bei ni baba mwenyewe.

Si kweli: thamani ya mkusanyaji haiko kwenye bei, na Jefferson Burdick ni ushahidi. Fundi huyu wa kiwandani mjini Syracuse, New York, vidole vyake vimepindwa na baridi yabisi, alikusanya kadi na vipeperushi zaidi ya 300,000, zikiwemo kadi za besiboli zipatazo 30,000. Hakuuza. Kuanzia 1947 alizitoa zawadi kwa Jumba la Makumbusho la Metropolitan, akaenda mwenyewe kuzibandika kwenye albamu na kuzipanga hadi Januari 1963, miezi miwili kabla ya kifo chake. Utaratibu wake wa kuyapa matoleo herufi na namba ndio unaotumiwa na wapiga mnada hadi leo.

Si kila mrithi ana jumba la makumbusho la kumgongea mlango, wala kuuza si kumsaliti marehemu. Asizisafishe tu, kwa sababu kitambaa chenye maji huua bei. Azipeleke kwa wapimaji wanaozipa alama kuanzia 1 hadi 10 ikiwa zinastahili gharama hiyo. Apate bei kwa zaidi ya mtu mmoja. Sheria ya kodi ya Marekani nayo ina upole wake hapa: kwa kawaida faida huhesabiwa kuanzia thamani ya siku mwenye mali alipofariki, si bei aliyonunulia miaka 40 nyuma.

Kigumu ni kumwuliza mzee angali hai: hizi zina nini, ulizipataje, ungependa zifike kwa nani? Watoto huona haya, wasije wakaonekana wanamhesabia siku. Naye mzee hungoja aulizwe, huku akinunua nyingine.