Dinari Mbili za Mwenye Nyumba ya Wageni



Mfano wa Msamaria Mwema tumeusikia tangu siku za katekisimu, na watoto wetu waweza kuusimulia bila kukosea. Kila mtu amkumbuka kuhani aliyepita kando, na Mlawi aliyemfuata, na mgeni wa Samaria aliyeshuka juu ya mnyama wake akafunga majeraha ya mtu asiyemjua. Lakini katika mfano huo yumo mtu mwingine ambaye wahubiri wengi humsahau. Ni mwenye nyumba ya wageni. Hatajwi jina, wala hasemi neno lo lote. Anapokea dinari mbili, anaachiwa mgonjwa, na kuahidiwa kwamba gharama itakayozidi italipwa siku ya kurudi.

Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja, kama tuonavyo katika mfano wa wafanya kazi wa shamba la mizabibu. Basi Msamaria aliacha mshahara wa siku mbili. Si kitu kidogo kwa msafiri, wala si fedha nyingi kwa mgonjwa aliyepigwa hata kuachwa nusu mfu. Tena tuangalie neno hili: Bwana wetu hakumlaumu mwenye nyumba kwa kuzipokea. Mafuta yana bei, kitanda kina bei, na mtu wa kukesha karibu na mgonjwa naye ana watoto wa kulisha.

Twamtaja mtu huyo leo kwa sababu katika nchi yetu wamekuwa wengi walio katika kazi yake. Sheria ya mwaka 1977 ilikataza hospitali za binafsi za kutafuta faida, ikaziacha zile za mashirika yaliyokubaliwa, kama makanisa. Mwaka 1991 sheria hiyo ikarekebishwa, na tangu hapo waganga wamefungua nyumba zao za kutibia na za kupasulia. Mtu wa Urambo au Sikonge mwenye ngiri, au mama mwenye rovu shingoni, au mzee aliyezibwa macho na mtoto wa jicho, huambiwa: ukiwa na fedha, waweza kupasuliwa upesi mahali fulani. Ndipo nyumbani huanza shauri. Wengine husema kwamba kuuza uponyaji ni dhambi. Wengine husema kwamba aliye na fedha na aponywe, asiye nazo na angoje. Sisi twaona kwamba wote wawili wamekosea.

Mwenye kusema kwamba upasuaji ungetolewa bure na kila mtu, hajui mlango wa chumba kile unaficha nini. Kisu chenyewe ni kitu kidogo. Lazima awepo mtu wa kumlaza mgonjwa kwa nusu kaputi na kumwangalia pumzi yake dakika kwa dakika. Lazima ziwepo hewa ya oksijeni, damu iliyopimwa, nyuzi za kushonea, vyombo vilivyochemshwa kwa mvuke, na taa isiyozimika umeme ukikatika. Kabla ya mwaka 1846, dawa ya etha ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mbele ya waganga wa Boston huko Marekani, mgonjwa alishikwa na wanaume wenye nguvu huku akikatwa akiwa macho. Na mpaka Lister wa Uingereza alipoandika habari za kuua vijidudu vya vidonda, mwaka 1867, wengi walipona kisu wakafa kwa usaha. Maarifa hayo yote yana gharama, na Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, atufundisha kumpa mganga heshima na haki yake. Ni kweli kwamba Watakatifu Kosma na Damiano walitibu bila kupokea fedha, na ndiyo sababu Kanisa la Mashariki huwaita kwa jina la watu wasioshika fedha. Lakini wale ni mashahidi watakatifu. Hatuwezi kumdai kila mganga wa Tabora awe Kosma. Twaweza kumdai awe mwaminifu.

Na uaminifu huo huanza kabla ya mgonjwa kulala. Bei na isemwe yote mapema, kwa lugha anayoifahamu, pamoja na yale yanayoweza kuzidi. Hatari ya upasuaji na isemwe. Kama ugonjwa waweza kuponywa kwa dawa, kisu kisitafutwe kwa sababu kinaleta fedha zaidi. Na kama kazi yapita uwezo wa nyumba ile, mgonjwa na apelekwe mbele mapema, angali na nguvu ya kusafiri. Mganga anayetaka karatasi itiwe sahihi na mtu asiyefahamu kilichoandikwa, hakupata idhini; amepata wino tu.

Hapa Tabora neno la kusafiri lina uzito wake. Mji huu ulizaliwa na njia. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika Unyanyembe kabla ya kushuka Ujiji au kupanda kuelekea Ziwa la Nyanza, na wapagazi wa Kinyamwezi waliibeba Afrika ya Mashariki mabegani mwao. Katika njia ile, mpagazi aliyeoza mguu kwa donda hakuwa na nyumba ya wageni. Mara nyingi aliachwa chini ya mti, msafara ukaendelea. Hata mganga mwenyewe hakuokoka. Daktari Livingstone, aliyekaa katika tembe la Kwihara mwaka 1872 akingojea wapagazi, alikuwa na mkono wa kushoto uliovunjwa na simba mwaka 1844, na mfupa ule haukuungana sawasawa maisha yake yote. Alipokufa mwaka 1873, Susi na Chuma na wenzao waliubeba mwili wake mpaka Kwihara na kutoka hapo mpaka pwani. Na huko London waganga waliutambua kwa mfupa ule ule.

Kwa nini twakumbusha habari hizo za kale? Kwa sababu njia ingali inawatesa wagonjwa kuliko kisu. Mwaka 2015 tume ya wataalamu wa upasuaji wa dunia, iliyoundwa na jarida la Lancet, ilieleza kwamba watu milioni 33 kila mwaka hufilisika kwa malipo ya upasuaji na dawa ya usingizi. Lakini wengine milioni 48 hufilisika kwa gharama zisizo za tiba, yaani nauli, chakula, na mahali pa kulala. Watu wa magharibi hawakuhitaji wataalamu kuambiwa hivyo. Atokaye Kigoma au Kaliua na mgonjwa huja na msaidizi mmoja au wawili. Wanapika nje, wanalala barazani, na shamba nyumbani halina wa kulipalilia. Mgonjwa wa mji hurudi kwake jioni. Mgonjwa mgeni hulipa mara mbili.

Wageni hao ni wengi kuliko tudhanivyo. Hospitali ya Ndala, wilayani Nzega, katika Jimbo Kuu letu la Tabora, huwapokea. Nkinga, wilayani Igunga, nyumba ya ndugu zetu Wapentekoste iliyoanzishwa na wamisionari wa Sweden, imekuwa hospitali ya rufaa inayojulikana mbali kwa upasuaji, na Wakatoliki wetu wengi wametoka huko na afya. (Anayeona haya kutibiwa na Mpentekoste na aisome tena Injili ya Luka, aone yule Msamaria alikuwa wa dini gani machoni pa Wayahudi.) Wengine hupanda gari la moshi mpaka Mwanza, kwa reli iliyofika huko mwaka 1928, wakatibiwe Bugando, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, ikachukuliwa na Serikali mwaka 1972, ikarudishwa kwa Maaskofu mwaka 1985.

Basi parokia iliyo karibu na hospitali ina kazi ambayo mganga hawezi kuifanya. Jumuiya iulize kila juma: ni wageni gani wamelala wodini? Nani ana ndugu barazani bila chungu cha kupikia? Chumba kimoja cha parokia chenye mikeka sita chaweza kuokoa ng'ombe wa familia nzima.

Kuna neno jingine la njia ile. Wazee walipotaja hongo walikuwa na maana ya ushuru ambao msafara ulimpa mtemi ili upite katika nchi yake. Leo neno hilo lina maana ya rushwa, nayo imeingia hospitalini. Anayempa mtumishi fedha kisirisiri ili jina la mgonjwa wake litangulie katika orodha, amelisukuma nyuma jina la mgonjwa mwingine, na huenda yule wa nyuma ndiye aliyebanwa na ngiri. Ngiri ikibanwa, utumbo hukosa damu na kufa kwa muda wa saa chache. Hapo hakuna tena shauri la wiki ijayo. Kwa hiyo twawasihi akina baba, maana wao ndio huficha ugonjwa huo kwa aibu: nendeni mapema. Upasuaji uliopangwa una bei ndogo na hatari ndogo. Ule wa usiku wa manane una bei kubwa, na mara nyingine huishia kaburini.

Sasa twafika mahali panapotuuma zaidi. Siku za misafara mtu aliweza kuwekwa rehani. Ukoo ukiwa na deni ulimtoa mtoto au binti akae kwa mdai mpaka fedha ilipwe, na isipolipwa, yule rehani aliweza kuuzwa utumwani. Twadhani mambo hayo yamepita. Walakini zimekuwako hospitali katika Afrika ya Mashariki zilizomzuia mgonjwa aliyekwisha kupona, asitoke mlangoni mpaka ndugu walipe. Mama na kitoto chake kichanga wakilala chini chini ya ulinzi. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya, ikiamua shauri la akina mama waliozuiwa hivyo baada ya kujifungua, ilisema wazi kwamba jambo hilo ni kinyume cha haki zao. Sisi twasema zaidi: hiyo ni rehani ile ile, imevaa koti jeupe. Deni ni halali kudaiwa. Na liandikwe, ndugu waitwe, wadhamini watafutwe, malipo yagawanywe kwa miezi, na mwishowe baraza liamue. Lakini mwili wa mtu haushikwi kwa deni, maana ulikwisha kununuliwa kwa damu ya Kristo.

Yuko mtu wa magharibi yetu aliyejua bei ya mwili wake. Adriano Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 katika nchi ya mto Niger, akaibwa akiwa mtoto, akapitishwa jangwani, mpaka Mapadre Weupe walipomkomboa kwa fedha huko Algeria. Walimsomesha uganga katika Chuo Kikuu cha Malta, akatumwa kwetu na msafara, akafika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Hapo alikaa, katekista na mganga, akitibu na kupasua, mpaka kufa kwake mwaka 1956. Miaka zaidi ya sitini! Mtu aliyeuzwa sokoni alitumia mikono yake kufunga vidonda vya watu wasio wa kabila lake, yeye mwenyewe akiwa mgeni kati yao. Kila mwenye hospitali angefaa kuitundika picha yake juu ya meza ya kupokelea fedha.

Nasi wagonjwa na jamaa zao je? Msamaria hakutoa dinari mbili akatoweka. Aliahidi kurudi, na mwenye nyumba alimwamini. Wako watu wanaotoroka wodini usiku wenye uwezo wa kulipa, wakaacha nyumba ya masista ikikosa dawa ya mgonjwa wa kesho. Huo ni wizi, na uungamwe kama wizi. Walakini asiye na kitu kabisa asisumbuliwe moyoni mwake. Papa Pius wa Kumi na Mbili, akiwajibu waganga tarehe 24 Novemba 1957, alifundisha kwamba twawajibika kutumia njia za kawaida za kulinda uhai, bali hatufungwi na njia zinazotulemea mno sisi au wenzetu. Basi mzee anayekataa kuuza shamba lote la watoto kwa ajili ya upasuaji mkubwa wenye tumaini dogo, hakujiua. Asilaumiwe na jirani, wala watoto wasijilaumu juu ya kaburi lake.

Tena iko njia ya kubeba mzigo pamoja. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa kwanza hapa hapa mkoani Tabora, wilayani Igunga, mwaka 1996, kabla haujaenea nchini. Na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Baba wa nyumba asingoje tumbo limuume ndipo aulize habari za bima. Aulize pia ni upasuaji gani umo ndani yake na upi haumo, maana wengi hulijua jambo hili wakiwa tayari kitandani.

Na wale waliotibiwa mwaka jana kwa ahadi, ambao majina yao yangali katika daftari la deni, wauzapo tumbaku au mpunga msimu huu wapite kwanza hospitalini. Hata wakilipa nusu.