"Mwanao huyo": Je, nimpende hata asiyependeka?



Vijana wenzangu, leo nataka tuzungumze kuhusu katuni. Najua kuna atakayeuliza katuni na imani vinahusiana wapi. Subiri kidogo, tutafika.

Filamu yenyewe inaitwa Mirai. Ilitoka Japani mwaka 2018, mwongozaji ni Mamoru Hosoda, na mwaka uliofuata ilikuwa kati ya filamu tano zilizoshindania Oscar ya filamu bora ya katuni. Hadithi ni ndogo tu. Kuna mvulana wa miaka minne anaitwa Kun, anaishi na wazazi wake Yokohama. Siku moja mama anarudi kutoka hospitali na mtoto mchanga, msichana, wanampa jina Mirai, yaani "wakati ujao". Kuanzia hapo Kun hana raha tena. Analia, anapiga kelele, anatupa vitu, na kuna wakati anampiga mdogo wake kichwani na treni yake ya kuchezea.

Waliotazama filamu hii hawakubaliani hata kidogo. Wapo waliolia machozi kwa kuona nyumba yao wenyewe mle ndani. Wapo waliosema hawajawahi kuona mtoto anayekera kama yule, kwamba ni dakika tisini na kitu za kelele, na wazazi wake wangekuwa na akili wangemnyoosha mapema. Wengine waliudhiwa na sauti, maana anayemwigiza Kun ni msichana mkubwa na wakati mwingine inasikika hivyo. Hilo la sauti nakubaliana nalo, tuliache.

Mimi mara ya kwanza niliizima katikati. Nilikuwa natazama na marafiki wawili na wote tulikuwa tunasema kitu kimoja: huyu angezaliwa kwetu angejua! Samaki mkunje angali mbichi, si ndivyo tulivyofundishwa? Tukacheka, tukaweka filamu nyingine. Lakini baadaye kile kicheko kilinisumbua. Nilijiuliza: mtoto wa miaka minne amenikosea nini mimi hadi nimchukie?

Sasa tuingie kwenye swali lenyewe. Je, wivu wa mtoto mdogo ni dhambi? Kisheria jibu ni rahisi. Kanisa linahesabu kwamba mtu anaanza kutumia akili yake akishatimiza miaka saba, ndiyo maana hatuwapeleki watoto wa chekechea kwenye kitubio. Kun ana miaka minne. Hana hatia. Lakini Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kwanza cha Maungamo yake, anasimulia jambo ambalo kila mama analijua. Alimwona mtoto mchanga, hata kusema bado, amebadilika rangi ya uso kwa wivu akimtazama mwenzake anayenyonya ziwa lilelile. Augustino anasema watoto hatuwaiti wema kwa sababu mioyo yao ni safi. Ni kwamba mikono yao haina nguvu ya kudhuru mtu. Maneno makali! Ila ukisoma vizuri utaona hamsemi vibaya yule mtoto. Anajitafuta yeye mwenyewe. Hakumbuki alivyokuwa uchangani, basi anamtazama mtoto mwingine na kusema: kumbe nami nilikuwa hivi.

Na hapo ndipo nadhani wengi wetu tuliochukia filamu tulipokwama. Augustino anasema wakubwa huvumilia tabia hizi za watoto kwa sababu wanajua zitapita. Hosoda hataki zipite haraka. Anatulazimisha tukae nazo, na uvumilivu unatuishia.

Kuna lawama nyingine nimeisikia, na hii ina uzito zaidi: kwamba Kun hajifunzi. Kila akikasirika anakimbilia kwenye kibustani kilicho katikati ya nyumba, chini ya mti, na pale anakutana na mtu wa familia kutoka wakati mwingine. Anakutana na mbwa wao aliyegeuka mtu, ambaye anamwambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa mwana wa mfalme wa nyumba ile hadi Kun alipozaliwa. Kumbe hata mbwa alipitia yaleyale! Anakutana na Mirai aliyekwisha kuwa msichana wa sekondari. Anakutana na mama yake akiwa mtoto, na huyu mama anayemgombeza kila siku kwa kutawanya vitu anamkuta naye anatawanya nyumba nzima, kisha anachapiwa maneno na mama yake hadi analia. Kila mara Kun anatoka pale amejifunza kitu. Halafu kesho, yuleyule. Analilia suruali ya njano kwa sababu amevalishwa ya bluu.

Watu wanasema huo ni udhaifu wa hadithi. Jamani! Mimi naungama dhambi zilezile tangu kipaimara. Natoka kitubio Jumamosi jioni nikiwa mwepesi kama unyoya, Jumatatu asubuhi kwenye daladala nipo palepale. Kama padre wangu angekuwa anaandika uhakiki wa maisha yangu, naye angesema mhusika mkuu hakui.

Tunapenda watakatifu wakiwa wamekamilika. Lakini Zélie Martin, mama yake Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu, aliandika katika barua zake jinsi Theresia mdogo alivyokuwa akijigaragaza chini mambo yasipokwenda anavyotaka, mpaka anakaribia kukosa pumzi. Theresia! Na katika nyumba hiyohiyo kulikuwa na Léonie, ambaye ndiye aliyekuwa mtoto mgumu kuliko wote. Shule ya masista ilimrudisha nyumbani. Alipokua akataka utawa, akaingia na kutoka mara tatu. Mara ya nne, mwaka 1899, ndipo akabaki, wakati huo mama yake alikuwa ameshafariki zaidi ya miaka ishirini. Leo mchakato wa kumtangaza Mwenyeheri umeshafunguliwa. Ungemtazama Léonie kwa saa moja na nusu tu, akiwa na miaka minane, ungeizima hiyo filamu.

Nirudi kwa Kun. Ile sehemu ya suruali inaishia pabaya. Anakasirika, anatoroka, anajikuta peke yake kwenye stesheni kubwa ya treni, amepotea. Anakwenda dirisha la vitu na watu waliopotea. Mhudumu anamwuliza jina la mama yake. Hajui. Anajua "mama" tu. Jina la baba? Hajui. Basi hawezi kutangazwa, kwa sababu hakuna wa kumtambua, na watoto wa namna hiyo wana treni yao inayowapeleka mahali pa upweke. Hapo ndipo anamwona Mirai mchanga naye anavutwa kwenye treni ile. Anamkimbilia, anamwokoa, na kwa mara ya kwanza anatamka kwa sauti kwamba yeye ni kaka yake Mirai. Baada ya kulisema hilo, anatambulika. Anakuja kuchukuliwa.

Nilipofika hapa, safari hii nikiwa peke yangu, nilisimamisha filamu nikachukua Injili ya Luka sura ya 15. Kila mtu anakumbuka mwana mpotevu. Sisi wengine tuangalie yule kaka mkubwa aliyebaki shambani. Akigombana na baba yake, hasemi "ndugu yangu". Anasema kwa namna ya "huyu mwana wako". Na baba katika kumjibu anamrudishia neno taratibu: huyu ndugu yako. Mvutano wote wa ule mlango uko kwenye neno hilo moja. Kijana yule yuko nje ya nyumba yake mwenyewe, anasikia ngoma ndani, na hawezi kuingia hadi akubali kuwa kaka wa mtu.

Wapo watakaouliza, je, hii si imani ya kipagani, mti unaoleta mababu? Filamu si ya Kikristo, na sitaki kuibatiza kwa nguvu. Wajapani wana namna yao ya kuwakumbuka waliotangulia na Hosoda ameichora kwa heshima. Lakini sisi tunaokiri ushirika wa watakatifu, na tunaokwenda makaburini mwezi wa Novemba, hatuwezi kushangaa mno mtu akisema kwamba waliokufa wana la kutuambia. Baba wa bibi au babu ya Kun aliumia mguu vitani, akaogelea majini akiwa hivyohivyo kwa kuwa alitaka kuishi. Asingefanya hivyo, Kun asingekuwepo kulilia suruali. Mathayo naye anaanza Injili yake kwa orodha ndefu ya majina ambayo tukiisikia Misani tunasinzia, na ndani yake wamo wazinzi na wauaji. Bwana wetu hakuwachagua wa kupendeza tu.

Sijasema kwamba mtoto asirekebishwe. Mama yake Kun anagomba, na anagomba kwelikweli, halafu usiku anajiuliza kama ni mama mbaya. Ninachosema ni kwamba kumpenda mtu hakungoji awe wa kupendeza kwanza. Kumwona kuwa wa kwako ndiko kunatangulia, na mara nyingi hisia zinachelewa kufika, kama zinafika.

Nasema haya nikiwa na deni. Mimi ni kifungua mimba. Mdogo wangu anayenifuata nilimpa fedha za ada ya chuo mwaka juzi, akazila, hakwenda chuoni, na hakusema hadi tulipogundua wenyewe. Tangu siku hiyo, nikiongea na mama kwa simu, nilikuwa nasema "mwanao". Mwanao ameonekana? Mwanao anafanya nini siku hizi? Hata sikujua nimeanza lini. Ni neno zuri tu, wala si tusi, mama hakuwahi kulalamika.

Jumapili iliyopita baada ya Misa nilimpigia. Tukasalimiana, tukazungumza habari za mvua na bei ya mahindi. Nikafungua mdomo kuuliza kama kawaida, neno likakwama. Nikasema, "Mdogo wangu hajambo?" Mama akanyamaza kidogo. Kisha akasema hajambo, yupo hapo nje anachota maji, ngoja nimwite.