Tairi Kubwa na Dirii ya Sauli



Matope ya masika yamewafundisha vijana wetu kunyanyua pikapu. Hilux iliyokuwa na tairi za 265/65R17 inafungwa springi ndefu, inapanda inchi mbili, kisha mwenyewe ananunua 285/70R17. Tairi ya kwanza ina kimo cha milimita 776 hivi, ya pili 831. Gari likiwa gerejini, magurudumu yamenyooka, nafasi inaonekana tele. Picha zinapigwa. (Hata mimi ningepiga.)

Shida huanzia getini. Usukani ukikatwa hadi mwisho, bega la tairi linakwaruza plastiki ya ndani ya madigadi, au chesisi yenyewe. Pakia magunia ya mahindi, gurudumu moja likanyage tuta, mkwaruzo unazidi. Springi ndefu zimeongeza nafasi gari likiwa limetulia tu. Zikibanwa hadi mwisho, gurudumu linapanda palepale lilipokuwa likifika zamani, isipokuwa fundi amerekebisha na raba za kulizuia. Wengine hukimbilia spesa, kile kipande cha chuma kinachowekwa nyuma ya gurudumu, ili tairi itoke nje. Kweli inaiacha chesisi, lakini kwenye kona inachora duara pana zaidi na kugonga bampa. Fundi makini hupandisha gurudumu moja kwenye jiwe, mzigo ukiwa nyuma, akakata usukani kulia na kushoto kabla hajapokea hela yake. Spidomita nayo hudanganya: inasoma 80, gari linakwenda karibu 86.

Kujaribu kabla ya kukubali si jambo la gereji tu. Katika 1 Samweli 17 mfalme Sauli anamvika Daudi kofia yake ya shaba na dirii ili akapigane. Sauli alikuwa mrefu kuliko Waisraeli wote. Daudi hakuikataa dirii kwa kuitazama. Aliivaa, akajaribu kutembea, akaona hawezi, akaivua.

Sisi nasi, kama pikapu ile, tunaomba sana kuinuliwa: cheo kazini, duka la pili, uenyekiti wa kwaya. Kisha tukiinuliwa, wanaokwaruzwa kwanza ni walio karibu na gurudumu: mke, watoto, binti anayeuza dukani. Nao husikia mkwaruzo kabla yako, maana dereva mara nyingi amefungulia muziki. Waulizeni wiki hii, na wakijibu msiwakemee. Sisemi mtu asikue. Tairi kubwa hukaa, ila lazima kitu kipunguzwe: plastiki ikatwe, pengine hata chuma. Aliyepewa kwaya aachie kamati nyingine mbili, arudi nyumbani kabla watoto hawajalala.

Sauli, pamoja na mapungufu yake yote, siku ile hakumlazimisha Daudi abaki na dirii. Wazee wa kanisa mtakaokaa Jumamosi kugawa majukumu, nawaomba hilo hilo: mtu akirudi baada ya miezi michache akasema jukumu halimkai, mpokeeni, wala msimwite mwoga.